Bega linauma? Lichue dakika kumi, afu hapohapo lipe mazoezi

Hii naiandika kwa mafundi cherehani wenzangu, na walimu wanaoandika ubaoni, na wadada wanaosuka nywele toka asubuhi mpaka jioni, na yeyote yule ambaye saivi akitaka kushusha sufuria juu ya kabati lazima atumie mkono mmoja. Bega langu la kulia lilinisumbua karibu miezi minane. Lilianza polepole, nikikata kitambaa linachoma, nikipumzika linaacha, afu ikafika mahali nikilalia upande ule saa nane usiku niko macho. Nikawa naenda kuchuliwa kila Jumamosi, natoka pale mwili mwepesi kabisa, Jumatatu jioni maumivu yamerudi kama vile sijaenda popote. Miezi mitatu nilizunguka hivyo na hela ilitoka nyingi.

Baadae fizio mmoja hospitali, yaani mtaalamu wa kutibu kwa mazoezi, akaniuliza, ukishachuliwa unafanya nini? Nikamjibu naenda nyumbani nalala. Akaniambia kuchua kunatuliza maumivu kwa masaa, ikizidi sana siku mbili tatu, lakini hakuongezi nguvu kwenye msuli wala hakuimarishi kano, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, kinacholiimarisha bega ni kulifanyisha kazi kidogo kidogo. Kwahiyo yale masaa ambayo bega limetulia ndo ya kufanyia mazoezi, ukiyalalia umeyapoteza. Toka siku ile nikabadilisha utaratibu na ndo huo nawapa hapa.

Kwanza ujue bega lenyewe likoje maana watu wengi wanachua sehemu siyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na ni duara, lakini kibakuli kinapokaa, pale kwenye kombe la bega, ule mfupa wa bapa mgongoni, ni kidogo na hakina kina, ni kama mpira umeuweka juu ya kisahani. Ndo maana mkono unazunguka kila upande kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndo maana pia bega linateguka kirahisi. Kinachoushikilia ule mpira usiteleze ni misuli minne midogo inayoanzia kwenye kombe, kano zake zinapita juu, mbele na nyuma ya kile kichwa cha mfupa. Kano hizo zikichokozeka kwa kazi ya kurudiarudia maumivu unayasikia pembeni ya mkono, palepale wanapochomea sindano ya chanjo, na wewe unachukua dawa ya kuchua unapasugua pale kila siku wakati shida iko juu na nyuma.

Kabla hujafanya chochote jipime hivi. Vua shati, simama mbele ya kioo, nyanyua mkono mwenyewe mpaka pale unapoweza. Afu ulegeze kabisa, mtu mwingine akunyanyulie taratibu. Kama yeye anaufikisha mbali kuliko ulivyoufikisha wewe, basi mara nyingi shida ni misuli na kano, na mazoezi ya hapa chini ni yako. Kama hata yeye anakwama palepale ulipokwama wewe, jaribu kingine, bana kiwiko ubavuni, kikunje, afu geuza kiganja kuelekea nje kama unafungua mlango. Upande mzima unaenda vizuri na upande mbovu hauendi kabisa? Hapo inawezekana bega limeganda, na hilo lina mwendo wake tofauti, nitalisemea huko chini nikifika habari ya mama yangu. Na kama bega lenyewe linaenda vizuri tu ila ukigeuza shingo maumivu yanashuka mkononi na vidole vinakufa ganzi, hilo ni la shingo, usipoteze muda kuchua bega.

Sasa naomba hii sehemu usiiruke. Kuna bega la kukimbizwa hospitali na siyo la kuchuliwa. Maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, yakija pamoja na kifua kubana, jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi kukata, huo unaweza kuwa moyo, nenda saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Mwanamke mwenye ujauzito mchanga, hata yule ambaye hajui kama ana mimba ila siku zake zimechelewa, akipata maumivu ya tumbo na ncha ya bega inauma na anasikia kizunguzungu, hiyo ni dharura, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani. Bega limevimba, la moto, na una homa, usikande. Umeanguka na pikipiki na bega limebadilika umbo, au toka uanguke mkono haunyanyuki kabisa, usimruhusu mtu akuvute eti anarudisha, maana mfupa ukiwa umevunjika huyo anaupasua zaidi, na pale kwapani inapita mishipa ya fahamu na ya damu. Na bega linalouma usiku na mchana bila kupumzika huku unakonda bila sababu, hilo likapigwe picha.

Kuna na watu ambao hawatakiwi kuchuliwa kwa nguvu hata kama bega ni la kawaida. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, mwenye mifupa iliyodhoofika, mwenye saratani, mwenye kidonda au upele sehemu hiyo, na yeyote ambaye mkono wote umevimba ghafla. Hao wamuone daktari kwanza. Na jeraha jipya la kuteguka au kuvutika msuli siku mbili tatu za mwanzo halichuliwi, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 mpaka 15, mara kadhaa kwa siku, mkono upumzike.

Haya, tuchue.

Anza na joto. Taulo ichovye kwenye maji ya moto, ikamue, iweke begani dakika kumi hivi. Mwenye kisukari ajaribishe hilo taulo kwa upande ambao ngozi yake inasikia vizuri, au mtu mwingine amjaribishie, kwasababu kisukari kinaweza kupunguza hisia kwenye ngozi na mtu anaungua bila kujua. Mafuta yoyote laini yanafaa, ya nazi, ya ufuta, ya mnyonyo. Kazi ya mafuta ni kufanya mkono uteleze, siyo dawa, usinunue kichupa cha bei mbaya. Watu wa Zanzibar wanapenda mafuta ya karafuu na kweli yana kitu cha kuleta ganzi kidogo, ila yakiwa matupu yanaunguza ngozi, tone chache kwenye kijiko cha mafuta ya nazi zinatosha. Na zile dawa za kuchua za dukani zenye kuwasha na kupoza, ukishapaka usiweke tena taulo la moto juu yake, utaungua.

Anayechuliwa akae kwenye kiti, aegemee meza, paji la uso juu ya mto, mkono mbovu nao uwekwe juu ya mto ili usibebe uzito wake. Hapa watu wengi wanakosea, wanamchua mtu amekaa wima amejikaza, msuli uliokaza hauchuliki. Mchuaji apashe mafuta kwenye viganja, aanze na ile nyama kati ya shingo na bega, aikamate kwa kiganja chote na aikande kama anakanda unga wa chapati, polepole, dakika mbili au tatu, mpaka aone mabega yameshuka yenyewe.

Afu ahamie kwenye kombe. Papase utasikia ule mfupa wa bapa mgongoni, katikati yake kuna nyama nyembamba, na nyama hiyo ndo moja ya ile misuli minne. Bonyeza kwa kidole gumba taratibu, sogeza kidogo, bonyeza tena, mpaka ufike mahali mwenyewe anashtuka anakwambia hapohapo. Mara nyingi ukibonyeza pale maumivu atayasikia mbele ya bega au yanashuka mkononi, mimi nilishangaa sana mara ya kwanza, miezi yote nilikuwa nachuliwa mbele na shida yenyewe iko nyuma. Ukipapata usisugue, tulia na kidole hapo sekunde 10 huku yeye anavuta pumzi na kuitoa, utasikia nyama inalegea chini ya kidole, achia, rudia mara tatu, basi. Malizia na ukingo wa kombe, kati yake na uti wa mgongo, kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu.

Usibonyeze juu ya mifupa ya uti wa mgongo, wala pembeni na mbele ya shingo kwenye mshipa unaodunda, wala shimo la kwapa, wala juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Kipimo cha nguvu ni kimoja, kama sifuri ni hakuna maumivu na kumi ni ya kulia machozi, usivuke nne. Nilishachuliwa na mtu anayetumia kiwiko, nikatoka na alama za bluu mgongoni, siku tatu siwezi kushona, na akaniambia hiyo ndo sumu inatoka. Hakuna sumu yoyote pale, bluu ni damu imevujia chini ya ngozi, maana yake umeumizwa. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano mwisho.

Ukiwa peke yako chukua mpira wa tenesi, utumbukize kwenye soksi ndefu, soksi ipitishe juu ya bega uishike kwa mbele, mpira uko nyuma kwenye kombe, egemea ukuta na jisogeze taratibu mpaka uipate ile sehemu. Mpira huohuo ukigeuka unautumia kwa mbele, kwenye nyama ya kifua chini kidogo ya mtulinga, sehemu ambayo kwa sisi tunaoinama kutwa inakaza sana na kuyavuta mabega mbele.

Ukimaliza kuchua usikae. Inuka uanze mazoezi hapohapo.

Zoezi la kwanza ni la kuning'iniza. Mkono mzima uegemeze kwenye meza, inama, mkono mbovu uning'inie kama timazi ya fundi ujenzi. Yumbisha kiuno mbele na nyuma, afu pembeni, afu duara, mkono ufuate wenyewe bila wewe kuuongoza, dakika moja au mbili. Zoezi hili limebaki na jina la Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyeyaandika mambo ya bega miaka ya 1930, na mpaka leo mafizio wanaanza nalo kwasababu hata bega linalouma sana linaliweza.

La pili kaa mbele ya meza, weka kitambaa chini ya kiganja, sukuma mbele kama unafuta meza huku mwili unaufuata mkono, rudi, mara 10. Ukilizoea hilo hamia ukutani, simama ukitazama ukuta, vidole vipande juu kama mjusi mpaka pale panapoanza kuvuta, tulia sekunde 5, shuka kwa kutambaa vilevile, usiuachie mkono udondoke. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni. Weka alama ya chaki ulipofika na tarehe. Nasisitiza chaki kwasababu bega linapona polepole mno na bila alama utasema haliendi, wakati limepanda vidole viwili toka wiki iliyopita.

La tatu lala chali, shika mti wa fagio kwa mikono yote miwili, mkono mzima uupeleke mbovu juu kuelekea kichwani. Afu kunja viwiko vibane ubavuni na tumia mti kuusukuma mkono mbovu uelekee nje. La nne ni la kanga, ila hili usilikimbilie, subiri wiki mbili tatu maumivu yapungue. Kanga ipitishe begani upande mzima ianguke mgongoni, mkono mbovu uishike kwa chini kiunoni, mkono mzima uvute juu taratibu, tulia sekunde 10, mara 5. Kwa akina mama hili ndo linarudisha uwezo wa kufunga sidiria na kujisugua mgongo.

Hayo yote ni ya kulegeza, na watu wengi wanaishia hapo, wakipata nafuu wanaacha. Lakini kama shida yako ni kano, tiba yenyewe inaanzia hapa kwenye nguvu. Anza na ukuta, simama ubavu wako mbovu karibu na ukuta, kiwiko umekikunja, sukuma ukuta kwa nje ya kiganja kwa nguvu kidogo tu, nusu ya uwezo wako au chini ya hapo, mkono hausogei popote, sekunde 10, mara 10. Hili lina faida ya ziada kwamba kwa watu wengi linatuliza maumivu palepale. Fanya wiki moja au mbili.

Afu tafuta tyubu ya baiskeli iliyochakaa, fundi baiskeli atakupa bure au kwa hela ndogo, ikate upate ukanda mrefu, ufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kitovu. Simama upande mzima ndo uwe karibu na dirisha, kunja kitambaa weka kati ya kiwiko cha mkono mbovu na ubavu, kisidondoke, kiganja kiko tumboni kimeshika tyubu, vuta kuelekea nje, hesabu tatu ukienda, hesabu tatu ukirudi. Usiiachie ikurudishe kwa kasi, kule kurudi polepole ndo kazi yenyewe. Mara 10 seti 3, yaani mara 10, pumzika kidogo, rudia mpaka zitimie tatu. Afu geuka utazame dirisha, vuta mikono yote nyuma kama unapiga kasia, makombe yakutane mgongoni. Hayo fanya siku moja pumzika moja, kano zinahitaji siku ya kujijenga.

Baada ya mwezi hivi, chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ikijaa ni kama nusu kilo, nyanyua mkono ukiwa umenyooka, siyo mbele kabisa wala pembeni kabisa, katikati ya hapo, kidole gumba kikitazama juu, mpaka usawa wa bega. Ukiweza mara 15 seti 3 bila shida ongeza uzito kidogo. Na pushapu za ukutani, siyo za chini.

Kuhusu maumivu wakati wa mazoezi, watu wanaogopa sana hapa. Kuuma kidogo ruksa, mpaka nne kwenye kile kipimo chetu, mradi kesho asubuhi bega liwe limerudi lilivyokuwa. Ukiamka limezidi kuuma kuliko jana usiache, punguza nusu, badala ya 10 fanya 5, badala ya seti 3 fanya moja. Wengi wanaacha wiki ya pili kwasababu limeuma kidogo, na wengi wengine wanaacha wiki ya nne kwasababu limepoa. Kano inataka wiki 6 mpaka 12, mimi ilinichukua karibu wiki kumi ndo nikaanza kulala upande ule.

Na kwa wale mnaosema hela ya kwenda kwa fizio kila wiki hamna, sikilizeni hii. Uingereza walifanya utafiti wa watu 708 wenye maumivu ya kano za bega, matokeo yakatoka 2021, wengine walikutana na fizio mara moja tu wakapewa maelekezo mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani, wengine walihudhuria mpaka mara 6, na baada ya mwaka hali zao hazikutofautiana. Kwahiyo siku moja ya maelekezo ya kueleweka afu ukafanya kweli nyumbani, ina thamani kubwa.

Sasa bega lililoganda. Mama yangu ana kisukari, ana miaka 57, mwaka juzi bega la kushoto likaanza kuuma bila kuanguka wala nini, afu likaanza kukaza mpaka akawa hawezi kujifunga kanga kichwani. Hili linawapata sana watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Mfuko unaozunguka kiungo unavimba afu unajikunyata. Kuna kipindi cha maumivu makali, miezi kadhaa, afu kipindi cha kukaza ambapo maumivu yanapungua ila mkono hauendi, afu linaachia taratibu, yote hayo mwaka mmoja mpaka mitatu. Kwenye kile kipindi cha kwanza usilazimishe, sisi tulikosea tukawa tunamvuta mkono kwa nguvu huku analia, tukamwongezea maumivu tu. Kipindi hicho ni kuning'iniza, kufuta meza, joto, na kuchua shingo na kombe kwa upole ili apate usingizi. Daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiungo, inasaidia hasa mwanzoni, ila kwa mwenye kisukari sukari inapanda siku kadhaa, ajipime mara kwa mara na amwambie daktari mapema. Maumivu makali yakipita ndo unaongeza mti na kanga. Mama saivi anajifunga kanga, kujikuna mgongoni bado.

Usingizi nao. Lalia upande mzima, kumbatia mto ili mkono mbovu upumzike juu yake, au lala chali na kitambaa kilichokunjwa chini ya kiwiko. Fundi mwenzangu, pandisha kiti au shusha meza mpaka viwiko vikae bila mabega kupanda, na kila baada ya nusu saa nyanyuka, zungusha mabega nyuma mara 10. Ndoo ya maji ijaze nusu uende mara mbili. Kwenye daladala ukisimama shika bomba la kiti, achana na la juu.

Dawa za maumivu kama diklofenaki usizimeze wiki na wiki kisa zinauzwa duka la dawa, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au figo, uliza kwanza.

Ukifanya wiki 6 kwa uhakika na hakuna mabadiliko kabisa kwenye zile alama za chaki, nenda idara ya fiziotherapia. Hospitali kubwa kama MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza wanazo, na hospitali za mikoa pia. Ukifika usiseme tu bega linauma, waonyeshe ni mjongeo upi unaoshindikana, linauma saa ngapi, umeshafanya mazoezi gani na kwa muda gani, dawa zote unazotumia na kama una sukari. Afu kabla hujatoka mwombe fizio akuangalie ukifanya kila zoezi mbele yake, na akuruhusu umrekodi kwa simu akilifanya yeye, maana ukifika nyumbani jioni utakuwa umesahau kiwiko kilikuwa wapi.